Kutoka Johannesburg hadi Mahlasela: Safari ya Skii katika Milima ya Lesotho

Kabla ya safari

Anayetaka kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa kwenye buti, hufikiria kwanza Uswisi, Austria au Ufaransa, na akishahesabu viza, tiketi na hoteli huahirisha hadi mwaka mwingine. Wachache hufahamu kwamba katika Milima ya Maluti, kaskazini mwa Lesotho, kuna mteremko wa skii wenye urefu wa karibu kilomita moja, unaofanya kazi kati ya Juni na Agosti wakati wa majira ya baridi ya kusini. Mahali hapo panaitwa Afriski, kando ya njia ya mlimani ya Mahlasela, ambayo kilele chake kiko mita 3,222 juu ya usawa wa bahari. Nimeandika simulizi hii baada ya kurudi, kwa kufuata daftari langu na picha ambazo mdogo wangu alipiga karibu kila tuliposimama, na nimekusudia imsaidie yeyote anayepanga safari kama hii mwaka ujao.

Tulipoanza kupanga tulifikiri kwamba maswali makubwa yatakuwa buti, mbao na masomo. Haikuwa hivyo. Vifaa vyote vya skii hukodiwa palepale mlimani, na walimu wapo. Swali lililotawala kila kitu lilikuwa barabara: siku gani tuipande, saa ngapi, kwa gari la namna gani, na tutafanya nini ikifungwa. Kwa sababu hiyo tuliweka siku moja tupu mwishoni mwa ratiba, isiyo na tiketi wala ahadi yoyote, na ninamshauri kila msafiri afanye vivyo hivyo hata kama siku hiyo itaonekana kama fedha iliyopotea.

Kuhusu wakati, tuliepuka likizo ya shule za Afrika Kusini, ambayo kwa kawaida huangukia kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, kwa kuwa wageni wengi wa Afriski hutoka huko na vyumba hujaa mapema. Tulichagua pia siku za kazi badala ya wikendi, maana mteremko wenyewe ni mmoja na watu wakizidi muda mwingi hupotea katika foleni ya lifti.

Kuhusu karatasi, wenye pasipoti ya Kenya kama sisi hawahitaji viza ya Afrika Kusini tangu Januari 2023, kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka, lakini cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Masharti ya Lesotho yaangaliwe upya kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa hubadilika. Ukumbuke pia kwamba Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, kwa hiyo utaingia Afrika Kusini mara mbili, na afisa wa mpakani anaweza kukuuliza tiketi ya kurudi nyumbani.

Jumatatu: Johannesburg hadi Fouriesburg

Tulikuwa tumepanga kuondoka saa mbili asubuhi ili tuvuke mpaka mchana na tuwe mlimani kabla ya jua kuzama. Gari la kukodi lilikuwa tayari, refu kutoka ardhini na lenye kuendesha magurudumu yote manne, lakini barua ya kuruhusu gari kuvuka mpaka ilikuwa na namba ya usajili ya gari jingine. Bila barua sahihi gari la kukodi haliruhusiwi kutoka Afrika Kusini, na aliyekuwa na mamlaka ya kutia saini barua mpya hakuwa amefika kazini. Tulisubiri hadi karibu saa sita. Ni vyema kuomba barua hiyo itumwe siku chache kabla, kisha kuilinganisha herufi kwa herufi na kibandiko cha gari kabla ya kusaini chochote.

Njia ya kwenda kusini hupita Frankfort, Reitz na Bethlehem katika jimbo la Free State, na kwa sehemu kubwa ni mashamba makavu ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Bethlehem tulinunua minyororo ya magurudumu, inayofungwa kwenye tairi ili zisiteleze kwenye theluji na barafu, katika duka la vipuri, na muuzaji, mzee mwenye subira kubwa, alitoka nje na kutufundisha kuifunga kwenye tairi la gari letu, akatufanya tuirudie sisi wenyewe hadi mikono ikazoea. Alisema kwamba huko juu tutaifunga kwenye upepo na vidole vikiwa vimekufa ganzi, kwa hiyo ni bora mikono ijue kazi kabla ya macho. Hakutudai chochote kwa somo hilo.

Tulipofika Fouriesburg jua lilikuwa limeshuka na vilima vya mawe ya mchanga vilikuwa vimegeuka rangi ya kahawia nyekundu. Mpaka wa Caledonspoort uko karibu sana na mji huo na hufungwa saa nne usiku, kwa hiyo tungeweza kuvuka. Tulikataa. Kupanda Moteng, njia ya mlimani iliyo kati ya mpaka na Afriski, gizani katika mwezi wa Julai, ni jambo ambalo kila tuliyemuuliza alituonya tusilifanye. Tulilala katika nyumba ndogo ya wageni kwa rand 700 kwa chumba cha watu wawili, na mwenye nyumba akatuletea mablanketi ya ziada na chai ya rooibos bila kuombwa.

Jumanne: Caledonspoort, Butha-Buthe na Moteng

Mpakani tulitumia muda mfupi usiofika saa moja. Upande wa Lesotho gari hulipiwa ada ndogo ya barabara, na risiti yake ni vizuri kuitunza. Fedha ya Lesotho ni loti, wingi wake maloti, nayo ina thamani sawa na rand. Rand hupokelewa kila mahali nchini humo, lakini loti ni vigumu kuitumia ukisharudi Afrika Kusini, kwa hiyo anayepewa chenji ya maloti aitumie ndani.

Butha-Buthe ni mji wa mwisho wa kufanya manunuzi ya maana. Ndipo tulipojaza tangi, tukanunua maji, matunda, na makoenya ya moto, ambayo ni maandazi ya duara yanayokaangwa kando ya barabara. Mama aliyekuwa akiyauza alitazama gari letu, akatuuliza tunaelekea wapi, kisha akamwambia mdogo wangu, "Ausi (dada), msipande sasa. Ngojeni jua liingie kwenye kona." Alitueleza kwamba maji yanayotiririka kutoka kwenye miamba huganda barabarani usiku, na kwamba katika kona zinazokaa kivulini barafu hiyo huwa ngumu hadi karibu saa tano asubuhi. Tukamshukuru, "Kea leboha, 'm'e (asante, mama)," tukakaa kwenye benchi lake tukila na kuota jua. Makoenya yale kwa maloti 10 ndiyo yaliyotununulia ushauri bora kuliko wote wa safari.

Baada ya mji barabara ya A1 hufuata bonde, ikipita vijiji vya nyumba za mawe ambako bendera ndogo hutundikwa kwenye mti mrefu kuonyesha kinachouzwa: nyeupe kwa pombe ya mtama, nyekundu kwa nyama, kijani kwa mboga. Wachungaji waliojifunga mablanketi mazito walisimama na ng'ombe wao ukingoni mwa lami, na baadhi walitupungia mkono. Kisha mlima huanza. Barabara ya Moteng imewekwa lami, lakini hupanda kwa kona kali zinazofuatana hadi mita 2,820, na upande mmoja ni genge. Tulipofika kwenye kona za kivuli tuliona barafu ile tuliyoambiwa, imeanza kulainika na kutoa maji. Dakika tisini mapema ingekuwa kioo.

Tulitumia gia ndogo, hatukufunga breki ghafla, na tuliyaachia nafasi kubwa malori yaliyokuwa yakishuka. Malori hayo ni mengi kuliko mgeni anavyotarajia, kwa sababu barabara hii ndiyo inayohudumia mgodi wa almasi wa Letšeng, ulio mbele kidogo ya Mahlasela. Mgodi huo ndio ulikochimbwa mwaka 2018 almasi yenye karati 910, iliyopewa jina la Lesotho Legend.

Baada ya kilele barabara hushuka hadi kijiji cha Oxbow, kisha hupanda tena. Jambo lililonishangaza ni kwamba milima yenyewe ilikuwa ya kahawia na mikavu, yenye theluji tu katika miteremko inayotazama kusini, ambayo katika nusu hii ya dunia ndiyo hupata jua kidogo. Mvua za Lesotho hunyesha majira ya joto, si majira ya baridi, kwa hiyo theluji ya asili huja na kuondoka bila uhakika. Kinachofanya skii iwezekane ni mashine zinazopuliza matone madogo sana ya maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa usiku, halijoto ikiwa chini ya sifuri, nayo matone huganda kabla ya kugusa ardhi. Hewa kavu ya Maluti husaidia, kwa sababu matone hupoa haraka zaidi pale hewa isipokuwa na unyevu mwingi. Tulipozunguka kona ya mwisho tuliuona mteremko wa Afriski, mkanda mmoja mweupe uliotandazwa juu ya mlima wa majani makavu.

Usiku ule mdogo wangu aliumwa kichwa na mimi nilikosa usingizi. Wawili sisi tumezoea kuishi zaidi ya mita 1,700, lakini kituo hiki kiko takriban mita 3,000, ambako hewa ina takriban asilimia 70 ya mgandamizo wa usawa wa bahari. Anayetoka pwani apange kulala usiku mmoja Johannesburg au Free State kabla ya kupanda, anywe maji mengi, aache pombe siku ya kwanza, na maumivu ya kichwa yakizidi au yakifuatana na kutapika au kukosa pumzi akiwa ametulia, ashuke bila kungoja asubuhi kama barabara inaruhusu.

Jumatano: somo la kwanza

Kukodi vifaa kulichukua muda mrefu kuliko somo, na haikuwa kazi bure. Buti za skii ni ngumu, hazipindi kifundoni, na mgeni huomba kubwa akidhani zitamstarehesha. Aliyetuhudumia alikataa. Alitutaka tuvae soksi jozi moja tu, tusimame, tukunje magoti mbele, na vidole viguse mbele kidogo tu tukiwa wima na viachie nafasi tukiinama. Soksi mbili hukunjana na kukata damu isizunguke, nayo miguu hupata baridi zaidi. Mtu asione haya kurudi mara ya pili na ya tatu kubadilisha buti, kwa sababu buti isiyokaa vizuri huharibu siku nzima.

Mavazi ya nje nayo hukodiwa, lakini tulikwenda na yetu kwa gharama ndogo: jaketi na suruali zisizopenya maji, vya mitumba, na ndani yake nguo za sufu na za nyuzi za viwandani. Pamba iachwe chumbani, maana ikiloa jasho haikauki na hupoza mwili. Glavu ziwe zisizopenya maji. Miwani na mafuta ya kujikinga na jua si anasa hata kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwa kuwa miale ya jua inayochoma huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni.

Mwalimu wetu, kijana Mosotho aliyejifunza skii mlimani hapohapo, alianza kwa kutufundisha kuanguka: kwa ubavu, mikono ikiwa mbele, bila kukaa juu ya mkia wa mbao. Kisha akatufundisha kusimama, mbao zikiwa zimelala kukata mteremko, kwa sababu zikielekea chini utaondoka kabla hujanyooka. Ndipo tukafika kwenye breki. Ncha za mbele za mbao hukaribiana, mikia hupanuliwa kwa kusukuma visigino nje, na mbao hulala kidogo kwenye kingo zake za ndani. Kadiri unavyopanua mikia ndivyo unavyopunguza mwendo. Mwili husema kinyume, maana mtu akiogopa huegemea nyuma, na akiegemea nyuma mbao humponyoka. Mwalimu alirudia neno moja asubuhi nzima, "Mbele, ntate (baba), mbele," hadi nikasikia ugoko ukibana ulimi wa buti, na mara hiyo mbao zikaanza kunitii. Kugeuka nako kulikuja kwa kusukuma mguu mmoja zaidi kuliko mwingine: ukisukuma wa kulia unakwenda kushoto.

Chakula cha mchana kilikuwa papa, yaani ugali mweupe wa mahindi, kwa moroho, yaani mboga za majani, na nyama ya kuchemsha, ambacho tulialikwa kula na wafanyakazi wawili waliotuona tukizunguka na trei tukitafuta mahali pa kukaa. Walituuliza zaidi kuhusu kwetu kuliko tulivyowauliza kuhusu kwao, na mmoja akatufundisha kwamba asubuhi tukakodi vifaa kabla foleni haijaundwa, jambo lililotuokolea muda mwingi kesho yake.

Alhamisi: mteremko mkubwa

Siku hii ilikuwa ya raha tupu na sina mengi ya kuisimulia. Lifti ya mteremko mkubwa haina viti vya kukalia, bali humburuza mtu akiwa amesimama juu ya mbao zake. Asiyejua hujaribu kuketi juu ya kishikio na huanguka; kinachotakiwa ni kukiacha kikusukume, magoti yakiwa yamelegea na mbao zimenyooka. Tulishuka polepole, kwa mikato mirefu kutoka ukingo hadi ukingo, na adhuhuri theluji ilipolainika tulipumzika. Jioni theluji hiyo huganda tena na kuwa ngumu, na anayejifunza afadhali aache wakati huo.

Ijumaa: theluji ya mbinguni

Usiku upepo ulibadilika. Tulipofungua pazia hatukuuona mlima wala maegesho. Theluji ya kweli ilikuwa ikianguka kwa kulala, na kabla ya saa tatu tulipata habari kwamba Moteng haipitiki na kwamba malori yamesimamishwa pande zote mbili. Siku yetu tupu ikapata kazi yake. Jirani zetu, familia ya watu watano, walikuwa na ndege ya kurudi nyumbani usiku uleule, na niliwaona wakipiga simu moja baada ya nyingine kwa mtandao uliokuwa ukikatika. Hapa ndipo niseme neno kuhusu bima: isiwe ya safari tu, bali itaje michezo ya theluji kwa jina, na igharimie uokoaji, kwa kuwa hospitali ziko Butha-Buthe au Mokhotlong, na kwenda kokote kati ya hizo ni lazima milima ivukwe.

Adhuhuri upepo ulitulia kidogo. Tulitoka na kuinua vifuta-kioo vya gari ili visigande juu ya kioo, tukaondoa theluji kwenye bomba la moshi, na tukalegeza breki ya mkono baada ya kuzuia magurudumu kwa mawe, kwa ushauri wa dereva mmoja wa lori aliyetuambia kwamba breki hiyo inaweza kugandia usiku.

Jumamosi: kushuka

Greda lilipita asubuhi. Hatukulifuata mara moja, bali tulingoja jua, kama tulivyofundishwa Butha-Buthe, na tuliondoka saa tano minyororo ikiwa imefungwa. Mikono ilikumbuka kazi, ingawa vidole vilikufa ganzi kweli. Kati ya Oxbow na kilele cha Moteng barabara ilikuwa nyeupe lakini tulivu. Ugumu ulikuwa upande wa kushuka, ambako katika kona moja pikapu iliyotutangulia ilikuwa imeteleza na kuegemea ukuta wa mlima. Wanaume wa kijiji cha karibu walikuwa wamekwisha kufika wakiwa na sepetu, wakichota udongo na kuumwaga juu ya barafu. Mmoja wao, mwenye blanketi la kijivu na kofia ya sufu, alitembea mbele ya gari letu kinyumenyume akinionyesha kwa kiganja pa kupitisha kila gurudumu. Nilikaa kwenye gia ya kwanza, bila kugusa breki. Tulipovuka nilisimama nikamtolea noti, akatikisa kichwa. Alipokubali ni machungwa tuliyokuwa nayo, akawagawia wenzake, kisha akarudi kwenye kona kumngoja anayefuata.

Chini ya mlima tulisimama kwenye pango la Liphofung, ambalo lina michoro ya kale ya Wasan, wenyeji wa kale wa eneo hilo, na ambalo Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, mwanzilishi wa taifa la Basotho, alilitumia kama kambi. Kiingilio ni kidogo, kiongozi yupo, na pahali penyewe pako karibu na barabara. Anayerudi kutoka mlimani atapata hapo mapumziko mazuri ya saa moja.

Magari yenye mbao za skii juu ya paa yalikuwa yakitupita kwa wingi kuelekea juu, watu wa wikendi waliozuiwa Ijumaa. Mpakani foleni ya kuingia Lesotho ilikuwa ndefu, ya kutoka haikuwapo kabisa.

Gharama

Chumba cha mlimani ndicho kilichochukua sehemu kubwa ya fedha zetu, kikifuatwa na gari, kisha tiketi ya lifti, masomo na vifaa. Bei za mlimani hutofautiana kati ya siku za kazi na wikendi, kwa hiyo mgeni azitafute za msimu wake. Anayetaka kupunguza alale Oxbow au hata Butha-Buthe, lakini aliye Butha-Buthe atalazimika kuvuka Moteng kwenda na kurudi kila siku, na kwa kuwa hapaswi kupita kabla ya jua kupanda wala baada ya jua kushuka, atabakiwa na saa chache sana za kuteleza. Sisi tungelipa tena chumba cha juu. Minyororo tuliirudisha kwa yule mzee wa Bethlehem, ambaye aliinunua kwetu kwa nusu ya bei na kutwambia kwamba kila Julai huwa nayo ya mtumba kwa anayeihitaji.